Chawa wa Kondoo na Josho

Wengi wetu tunaotoka vijiji vya Bariadi, mkoani Simiyu, ni watoto wa wafugaji. Kondoo akiuzwa mnadani ndipo daftari na sare hupatikana. Kwa hiyo chawa si jambo dogo kwetu: kondoo hujikuna, manyoya hunyonyoka, hukonda na bei huanguka.

Nyumbani tuliwaogesha, wakatulia. Baada ya wiki mbili wakaanza kujikuna tena, na baadhi ya wazee wakasema dawa ni maji matupu. La hasha! Dawa ya josho huua chawa, lakini mayai yaliyoganda kwenye manyoya husalimika, kisha huanguliwa. Ndiyo maana huogeshwa tena baada ya siku 14 hivi, kabla chawa wapya hawajataga.

Tena waogeshwe wote siku moja, kwani mmoja akiachwa huambukiza zizi zima. Kwanza wanywe maji, wasije wakanywa ya josho. Dawa nayo ipimwe na kuongezwa, kwa kuwa nguvu yake hupungua kila kundi linapopita.

Gharama ya mara ya pili ni nzito, lakini bila hiyo ya kwanza imepotea bure. Wenzetu, likizo hii tuwaeleze wazazi kwa adabu.