Siku Mama Alipofika Juu ya Ngong

Nilikulia mjini Ngong, chini ya vilima, na sikumjua hata jirani mmoja aliyepanda kule juu kwa hamu ya kupanda tu. Wachungaji walipanda kufuata nyasi. Mama na wenzake walipanda kutafuta kuni, lakini waliishia katikati, penye vichaka vya leleshwa. Nilipomuuliza kwa nini hawafiki kileleni alinijibu, "Juu hakuna kuni. Kuna nyati na wezi." Yote mawili yalikuwa kweli.

Nilifika juu mara ya kwanza mwaka 1996, mapema Aprili, siku chache kabla ya shule kufungwa. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, na miteremko iliyokuwa ya kahawia tangu Januari ilikuwa imegeuka kijani kibichi, kijani cha kuumiza macho. Mwalimu wetu wa GHC, yaani jiografia, historia na uraia, alitupanga mistari miwili. Mbele yetu alitangulia askari wa misitu mwenye bunduki, nyuma akafuata mwingine. Siku hizo bila bunduki hakuna aliyethubutu. Watu walikuwa wakiporwa viatu na saa mchana kweupe.

Kulikuwa na ukungu. Tulisikia sauti kabla ya kuona kitu, mfano wa mtu anayepepeta mahindi kwenye ungo mkubwa, pole pole, bila kuchoka. Ukungu ulipopasuka tukaona mitambo miwili ya upepo, ile iliyowekwa mwaka 1993 kwa msaada wa Ubelgiji. Sisi tuliiita feni. Mwalimu alitueleza kwamba haileti upepo, inakula upepo. Kisha akatusimamisha ukingoni, mikono tumeinyoosha, ili tujue uzito wa upepo huo. Kofia ya mwenzangu iliruka upande wa Bonde la Ufa na hakuna aliyeifuata.

Miaka iliyofuata sikupanda. Niliitazama tu mitambo ikiongezeka kutoka kituo cha matatu: sita mwaka 2009, kisha mingine mingi, hadi kufikia mwaka 2015 mitambo ya vilimani ikawa na uwezo wa megawati 25.5. Naamini mitambo hiyo ilibadilisha mengi zaidi ya umeme. Vyuma vile visingefika juu bila barabara, na barabara ikishakuwepo, watu hufuata. Walinzi wakawa wanaonekana, geti likawekwa, tiketi ikawa ya kulipia kwa simu. Jumamosi moja nikiwa kwenye matatu nikawaona vijana wa Nairobi wamejaa, mabegi mgongoni, wanauliza pa kushukia. Nilijisikia vibaya. Wageni walikuwa wanakijua kilima chetu kuliko sisi.

Ndipo Aprili ya mwaka 2024 nikamwambia Mama twende. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Alicheka, akasema magoti yake hayana kazi ya kutafuta huko. Binti yangu ndiye aliyemshawishi. "Cucu," alimwambia, akimwita nyanya kwa Kikuyu, "mimi nitakushika mkono."

Tulitoka saa moja asubuhi. Safari nzima ya kufuata mgongo wa vilima hadi Kona Baridi ni kama kilomita kumi, nayo hupanda na kushuka kilima baada ya kilima, lakini hatukuikusudia. Tulikwenda hatua kwa hatua, tukipumzika kila Mama alipopata maua ya kumwonyesha mjukuu wake. Alikuwa akiyajua yote kwa Kikuyu. Wanafunzi wa chuo walitupita wakituamkia, "Shikamoo, cucu." Hakuna mtu aliyebeba bunduki.

Kilele kirefu zaidi, Lamwia, kina mita 2,460, na hatukukifikia. Tulifika kwenye kilima cha kwanza tu, na hapo Mama akasimama ukingoni. Nyuma yetu, mashariki, yalikuwa mashamba, mabati na Nairobi yenyewe. Mbele yetu ardhi ilidondoka zaidi ya mita elfu moja hadi bondeni, ambako nchi ilikuwa kavu, yenye miiba na vumbi, mlima Suswa ukionekana mbali upande wa kaskazini-magharibi. Alikuwa ameishi chini ya vilima hivi miaka arobaini na sita bila kuuona upande huo.

Alitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Kumbe ni hapa mvua inaishia." Miaka yote alikuwa akiangalia mawingu yakielekea huku kutoka mashariki, bila kujua wenzake wa upande wa pili hawakuyapata.

Kisha akaniuliza mbona sikumleta mapema. Sikuwa na jibu.

Wewe unayeishi Ngong, Matasia au Kiserian, mpeleke mzazi wako Aprili hii. Anzeni mapema, kwa kuwa alasiri hunyesha na udongo huteleza.