Usiku wa Tuzo, Meza Namba 14

Kadi ilikuja kwa WhatsApp: picha nyeusi, maandishi ya dhahabu, na chini kabisa maneno madogo kwamba mavazi ni rasmi na kila mwalikwa aje na mwenza. Mwenza ndiyo mimi. Mke wangu anatunga nyimbo. Haimbi jukwaani, hana picha kwenye mabango, ila kama umepanda daladala Dar es Salaam miaka hii mitatu minne, maneno yake umeshayasikia, na huenda umeyaimba.

Kwa wasiojua kazi hii inavyokwenda: prodyuza anatengeneza biti, msanii anaipenda, maneno hayapo. Ndipo anapigiwa simu mtu kama mke wangu. Anatumiwa biti kwenye simu, anakaa nayo siku mbili tatu, kisha anarudisha maneno pamoja na sauti yake mwenyewe akionyesha yanavyoimbwa. Sauti hiyo huirekodi kichwa kikiwa ndani ya kabati la nguo, katikati ya makoti, maana ndiko kelele za mtaa hazifiki. Analipwa mara moja, basi. Wimbo ukifika Mombasa, ukifika Bujumbura, ukichezwa harusini Muscat, hiyo ni habari njema tu, si hela.

Suti yangu ni ya harusi yetu. Koti lilikubali, suruali ikagoma, fundi akaifumua kiunoni na kuongeza kipande cha kitambaa ambacho rangi yake ilikuwa inakaribiana na ya suruali ukiwa mbali. Yeye alishona gauni la zambarau kwa fundi wa Kariakoo. Getini mwa hoteli mlinzi akatuambia bajaji haziingii ndani. Tukashuka. Mke wangu akavua ndala, akavaa viatu virefu ameshika bega langu, na zile ndala akamwachia mlinzi kwenye mfuko wa plastiki. Mlinzi akazipokea kwa heshima zote, akaziweka chini ya kiti chake. Kwa maoni yangu yule ndiye mtu aliyekuwa rasmi kuliko wote usiku ule.

Mapokezi palikuwa na binti mwenye kishikwambi. Akatafuta jina la mke wangu, halikuwepo. Akatafuta tena.

“Dada, nyie mko timu ya nani?”

Mke wangu akamtaja mwimbaji. “Aa, timu!” Tukafungwa bangili za karatasi mkononi, tukaelekezwa meza namba 14, ile iliyo jirani na mlango wa jikoni.

Pale mezani tulikuwa wanane. Prodyuza na mchumba wake, mtangazaji kijana wa redio na mwenzake, na mume na mke ambao mume alikuja kwa niaba ya mmoja wa wadhamini. Mtu alishawanong'oneza kwamba mtunzi wa ule wimbo anakaa meza hii. Wakatazama, wakaona mwanamume mwenye suti na miwani, na mwanamke mwenye gauni zuri. Hesabu ikawa rahisi. Mtangazaji akainuka, akanipa mkono kwa mikono miwili.

“Kaka, hongera sana. Ule mstari wa ‘Niite jina lolote’, kwa kweli, ulikuwa unapitia nini?”

Mimi ni mwalimu wa Hisabati. Nikafungua mdomo niseme hivyo, nikahisi kisigino juu ya kiatu changu.

“Muulizeni mkewe,” mke wangu akasema, akiwa anachovya sambusa kwenye pilipili. “Yeye ndiye anayeijua siri.”

Wote wakacheka, na mimi nikanyamaza. Prodyuza, ambaye alikuwa anajua, alitazama simu yake.

Nieleze kuhusu huo mstari. Unakwenda hivi: “Niite jina lolote, nami nitaitikia.” Wimbo ulipotoka, watu waliuchukua kuwa ni wa mapenzi, na wala si ajabu, biti yake ni ya kukumbatiana. Mwanamke analala na mwanamume ambaye usingizini anataja jina la mwanamke mwingine, naye anavumilia. Ulizua mjadala redioni. Akina mama walipiga simu wakisema wimbo unawafundisha wasichana kudharauliwa. Kuna shehe mmoja aliusifia, kuna dada mmoja alisema angekuwa yeye angeamka akaondoka na kitanda chake. Mke wangu alisikiliza mjadala wote akikatakata mchicha, na wala hakupiga simu.

Aliyekuwa anaita majina ni baba yake. Mzee yuko Tanga, na kumbukumbu zilianza kumtoka kidogo kidogo, kwanza funguo, halafu swala ameswali au bado, halafu watu. Mke wangu akimwita dada yake, marehemu shangazi. Siku nyingine akimwita kwa jina la mkewe wa ujanani. Mwanzoni mke wangu alikuwa anamsahihisha, “Baba, ni mimi.” Mzee anachanganyikiwa, anaona haya, anakaa kimya mpaka jioni. Siku moja alipoitwa jina la shangazi akajibu tu, “Abee kaka.” Mzee akafurahi! Wakapiga soga za utotoni saa nzima, za watu ambao mke wangu hajawahi kuwaona. Usiku ule ndipo aliponitumia mstari kwa simu kutoka Tanga, bila salamu, na chini yake ameandika: hesabu.

Nikahesabu. Nane kwa nane. Mizani 16, kama shairi la mzee wake. Kwenye nyumba yetu wote tunahesabu, kila mtu na sababu zake.

Mzee alikuwa mshairi wa magazetini. Wanaokumbuka kurasa za mashairi za Uhuru na Mzalendo watakumbuka na adabu yake: beti ya mwisho mshairi anaaga na kujitaja, jina au lakabu, na mara nyingi mji na hata sanduku la posta, yote yakiwa ndani ya vina na mizani. Mimi nikiwa kijana niliona ni jambo la kuchekesha, mtu kupangilia namba ya sanduku la barua ilingane na kina cha kati. Sasa naona walikuwa wanajua walichokuwa wanafanya. Shairi likikatwa na kubandikwa ukutani kwa kinyozi, mwenyewe yumo ndani.

Wimbo hauna beti hiyo. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, ni sauti yake iliyopanda meli kurudi Unguja na kuenea pwani yote, na Shaaban Robert akaja kumwandikia wasifu, kwa haki kabisa. Lakini jaribu kumuuliza msikilizaji wa taarabu leo, hata yule mkereketwa, nani aliandika maneno ya wimbo anaoupenda. Atakutajia mwimbaji, atakutajia kundi, ataishia hapo. “Malaika” ni wimbo ambao dunia nzima imeimba, umesajiliwa kwa jina la Fadhili William, na wapo waliosimama na kusema mwenyewe ni Adam Salim. Ubishi huo umewazidi umri wote wawili. Hata Marekani, ambako tangu tuzo za kwanza za Grammy mwaka 1959 kulikuwa na tuzo ya wimbo inayokwenda kwa mtunzi na si kwa mwimbaji, ilibidi wasubiri hadi 2023 ndipo wakatoa tuzo ya mtunzi bora wa mwaka, akapewa Tobias Jesso Jr. Miaka 64. Hiyo nimehesabu mwenyewe.

Turudi mezani. Mgeni rasmi alichelewa saa moja na nusu, supu ikapoa, mshehereshaji akasema vichekesho vyake vyote akaanza upya. Kisha hotuba, itifaki ikazingatiwa mara sita. Mke wa yule wa wadhamini akaniinamia akaniambia kwamba wimbo “wangu” ndio waliofungulia dansi kwenye harusi yao mwaka jana. Alikuwa na machozi kidogo. Nikamtazama mke wangu.

“Hongereni sana,” akamwambia. “Mlicheza beti zote mbili?”

“Zote, dada yangu.”

“Basi mtadumu.”

Ilipofika Wimbo Bora wa Mwaka nilikuwa nimemshika mkono chini ya kitambaa cha meza, na ulikuwa baridi. Wakaita jina. Ndiyo, ni wetu. Meza 14 ikaruka, prodyuza akakimbilia jukwaani, mwimbaji akapokea ile tuzo ya kioo akaanza kushukuru. Akamshukuru Mungu, mama yake, meneja, prodyuza, mpiga picha wa video, fundi wa nywele kwa jina na mtaa, mashabiki wa mikoani. “Na timu yangu yote, mnajijua.” Mke wangu alipiga makofi. Sikuweza kusoma uso wake, na nimeishi na uso huo muda mrefu.

Kisha akatakiwa aimbe. Hakuna biti ya kurekodiwa, bendi tu. Beti ya kwanza ikaenda vizuri. Beti ya pili, sijui ni furaha au ni ile shampeni, akapotea. Nilimwona akitafuta neno. Akafanya wanavyofanya wote, akageuza kipaza sauti kuelekea ukumbini. Na ukumbi ukaimba. Mawaziri wadogo, wadhamini, wahudumu wamesimama na trei, wapishi wamechungulia kwenye ule mlango wa nyuma yetu, watu mia kadhaa waliovaa rasmi wanamwambia mzee mmoja wa Tanga amwite binti yake jina lolote. Neno kwa neno, hakuna aliyekosea. Mke wangu hakuimba. Alikuwa na vidole vya mkono wa kushoto juu ya meza, vinagonga polepole: nane, nane, nane, nane.

Ni hapo prodyuza aliposogeza kiti. Ameshachangamka, ametoka kwenye picha. Akasema sasa ndio wakati, chuma kingali cha moto. Anataka nyimbo kumi kwa mpigo, milioni tatu taslimu, nusu wiki ijayo, na karatasi ya kusaini kwamba maneno ni mali ya studio na jina la mtunzi halitatajwa popote. “Unajua wasanii hawapendi ijulikane,” akasema. “Na wewe mwenyewe si mtu wa kujionyesha.”

Milioni tatu si mchezo kwetu. Ilikuwa Desemba, ada ya watoto wawili inatusubiri Januari, na mshahara wa mwalimu mnaujua. Nikaangalia sahani. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 naifahamu kidogo, mke wangu aliniletea nakala nimsomee vile vifungu vilivyoandikwa kigumu: mtunzi ana haki ya kutambuliwa kwamba kazi ni yake, na kazi inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Ila sheria haiji na wewe kwenye meza ya karamu saa sita usiku.

Hapa kuna jambo sijalisema. Mwezi mmoja kabla tulikwenda Tanga, tukampigia mzee ule wimbo kwenye simu. Alisikiliza kichwa kimeinama, mkono unapiga pajani. Ulipokwisha akasema vina vimekaa, mizani imekaa. Akangoja kidogo, kama kuna kitu kinakuja. Halafu akauliza, “Mbona hakujitaja?”

Mke wangu akamwambia prodyuza, kwa sauti ileile ya kuomba chumvi: “Nyimbo sita. Jina langu liwepo kila mahali jina lako lilipo, na kila wimbo tusajili wote wawili, na kinachoingia baadaye tugawane. Hela ya mwanzo nipunguzie, sawa tu.”

Akacheka. Alipoona hachekewi, akasema atalifikiria.

Tuliondoka kabla ya dansi. Mlinzi alimrudishia ndala zake akamuuliza kama ameshinda, akamjibu, “Tumeshinda.” Dereva wa bajaji alikuwa na redio, na mnajua wimbo gani ulikuwa unapigwa, maana usiku ule ulipigwa kila stesheni. “Huyu dada anajua kuimba,” dereva akasema. “Anajua sana,” mke wangu akajibu, na ni kweli. Nikamuuliza kwa nini alinikanyaga pale mwanzo, kwa nini hakutaka niseme. Akasema alitaka kusikia watu wanasema nini kuhusu wimbo bila kumwangalia usoni. Na tena, akasema, ningewaambia mimi, ingekuwa ni mume anamsemea mkewe, na hiyo nayo ni timu.

Hii ni wiki ya tano. Prodyuza hajapiga simu. Ada tumelipa nusu, mwalimu mkuu amekubali kungoja hadi mwisho wa mwezi. Jana usiku alikuwa kabatini, mlango umefungwa, akagonga kwa ndani nikaenda.

“Baba, nitafutie neno la mizani minne linaloishia na ngu.”

Nikafikiri. “Ulimwengu.”

“Kila mtu anaweka ulimwengu,” akasema, akafunga mlango.