Zamu za Mto Moiben

Walowezi walipoondoka Uasin Gishu waliacha mabwawa. Mashamba mengi makubwa ya upande wetu wa Soy yalikuwa na bwawa la kunyweshea ng'ombe, na sisi watoto wa miaka ya themanini tulijua lipi lina tilapia na lipi lina kambare peke yake. Fimbo tulikata kwenye miwati. Mshipi ulikuwa uzi wa kushonea magunia, na nyungunyungu wa chambo tuliwachimbua nyuma ya zizi. Tulichovua hakikuingia jikoni kwetu. Sisi ni Wanandi, na kwa mama yangu chakula kilikuwa kimyet, yaani ugali, mboga na mursik, maziwa yetu ya kugandisha kibuyuni. Kitu chenye magamba hakikugusa sufuria yake. Samaki tuliwapelekea majirani Waluhya, au zile familia za Wajaluo zilizokaa karibu na reli ya Kitale, tukarudi na sukari au hela kidogo.

Uvuvi mwingine, ule ambao bado ninauota, nilifundishwa na mzee niliyemwita Kugo. Hakuwa babu yangu wa damu. Ujana wake aliutumia kumbebea mlowezi mmoja fimbo za kuvulia, akipanda naye Cherangany na Mlima Elgon kutafuta trauti, na mzungu yule alipouza shamba alimwachia fimbo moja pamoja na rili yake. Ilikuwa fimbo ya mwanzi uliopasuliwa vipande sita vyembamba vikagundishwa kuwa kitu kimoja, nyepesi hata ukaona aibu kuikamata kwa nguvu. Kugo aliitundika darini, mbali na panya, na kila msimu aliufuta mshipi wake wa hariri kwa mafuta ya kondoo ili uelee.

Trauti si samaki wa kwetu. Mayai yake yaliletwa kutoka Loch Leven huko Uskoti mwaka 1905, na Ewart Grogan akayapeleka mto Gura katika milima ya Aberdare. Baadaye trauti wakapandikizwa kwenye vijito vingine vya nyanda za juu, maana hawastahimili maji ya joto. Hapo Soy hawawezi kuishi. Ilibidi tuwafuate juu.

Lakini kwanza kulikuwa na usiku wa kufunga nzi, na hizo ndizo saa nilizozipenda kuliko zote. Kugo alibana ndoana ndogo kwa koleo, koleo akalibana mezani kwa jiwe, taa ya chemni ikasogezwa karibu. Uzi mweusi wa cherehani aliuzungusha kuanzia tunduni hadi penye mpindo wa ndoana. Hapo alifunga nyuzi chache za unyoya ziwe mkia, kisha akaviringisha sufi nyeusi aliyoifumua kwenye sweta kuukuu, ukawa mwili. Mwisho ulikuja unyoya wa shingo ya jogoo. Lazima uwe wa shingo, na lazima jogoo awe mzee, kwa sababu unyoya wa jogoo mchanga hunywa maji na kulala. Aliuzungusha mara tatu nyuma ya tundu la ndoana, nyuzi zikasimama kama miguu ya mdudu, akakaza fundo na kulidondoshea rangi ya kucha aliyoiomba kwa binti yake. Wavuvi wa Kenya humwita nzi huyo Kenya Bug. Kugo alimwita mweusi tu. Alikuwa akimaliza mmoja anamweka kwenye kiganja chako bila neno, na ulijua ni wako.

Tulikuwa wanne. Kugo; Mwalimu, yaani Mluhya wa Lugari aliyefundisha shule ya jirani na ndiye aliyeshughulikia leseni zetu Idara ya Uvuvi; fundi mmoja wa reli aliyezaliwa Nyakach, kando ya Ziwa Victoria; na mimi, mbeba chakula. Tulisafiri Januari au Februari, mahindi yameshavunwa, mvua haijaanza, mito imetulia na maji yameng'aa. Pikapu ya rafiki wa Mwalimu ilitufikisha mji mdogo wa Ziwa, tukapanda milima ya Cherangany kuelekea Kapcherop, na mwendo uliobaki ulikuwa wa miguu, kupitia malisho ya kondoo hadi kwenye mianzi na baridi ya mto Moiben.

Fimbo ilikuwa moja. Kwa hiyo kulikuwa na zamu, na sheria ya zamu ilikuwa ya Kugo: unavua dimbwi moja hadi upate samaki, au umpoteze, au umtishe, kisha unampa mwenzio. Wengine hawaondoki. Wanakaa ukingoni na kuangalia.

Kuangalia huko kulikuwa kazi. Trauti huelekeza kichwa mkondo unakotoka, kwa maana chakula chake huletwa na maji, hivyo mvuvi humnyemelea kwa nyuma, akiwa ameinama, na akishafika karibu na maji mng'ao humziba macho. Mtu aliye juu ya ukingo ndiye anayemwona samaki. "Kushoto kidogo, Mwalimu. Yuko chini ya ule mzizi." Sauti ya chini kabisa. "Mbele tena, kama futi mbili." Mshipi unaruka nyuma, unarudi, nzi anatua, na wote wanne tunamfuata kwa macho akielea. Mara nyingi aliyekaa ukingoni aliuona mdomo ukifunguka kabla mwenye fimbo hajahisi kitu, na kelele ya "Vuta!" ilitoka koo tatu kwa pamoja. Sijui mchezo mwingine ambao watazamaji wanahitajika namna hiyo.

Kurusha kwenyewe kulinichukua muda. Kwenye bwawa, kizito cha risasi ndicho kinachobeba ndoana. Nzi hana uzito; kinachorushwa ni mshipi, na usipoupa nafasi ya kunyooka nyuma yako hautakwenda mbele. Wavulana wote wa Soy tulijua mjeledi wa ng'ombe wa jembe, na mkono wangu ulitaka kuufanya mshipi ulie kama huo. Kugo alinishika kiwiko. "Weri, kijana wangu, ukisikia umelia, nzi ameshakatika. Ngoja uhisi unakuvuta kwa nyuma." Akakishikilia kiwiko changu, mrusho baada ya mrusho, hadi nikahisi.

Fundi wa reli alikuja safari ya kwanza kwa dharau. Kwao samaki ni mbuta na ngege, na hawa wa Moiben wengi hawakupita urefu wa kiganja na vidole. Lakini alikuwa na macho ya mtoto wa mvuvi. Aliweza kumtambua trauti kwa kivuli chake juu ya changarawe, huku sisi tukiapa hapo hapana kitu. Baada ya hapo hakuna aliyetaka kuvua dimbwi gumu bila yeye kukaa juu yake, na yeye mwenyewe mara nyingi aliruka zamu yake ili aendelee kuangalia.

Mchana tuliwasha moto. Fundi ndiye aliyewapasua na kuwachoma, chumvi tu, juu ya vijiti vibichi. Mimi nilifungua kibuyu cha mursik cha mama, Mwalimu akatoa viazi vitamu vya kuchemsha. Hapo mtoni ndipo nilipokula samaki kwa mara ya kwanza maishani, kutoka vidoleni mwa Fundi, huku Kugo, ambaye hakuwahi kuonja hata mmoja, akinitazama usoni kuona nitasemaje. Nikasema ni mtamu. Alifurahi kana kwamba amempika yeye.

Kugo amekufa, na Fundi alirudi Nyakach. Msitu wa Cherangany umekatwa pakubwa, na maji ya Moiben yanazuiwa Chebara ili Eldoret inywe. Nzi kama wale wa chini ya taa ya chemni wanafungwa Kenya kwa wingi na kuuzwa Ulaya na Marekani; nimewaona kwenye duka la wavuvi nchini Uingereza, nikamweleza muuzaji namna unyoya wa jogoo mzee unavyotofautiana na wa mchanga, akaita wenzake waje wasikie.

Mimi na Mwalimu bado tunapanda, ingawa anashika mkongojo. Kila mmoja wetu anaweza sasa kununua fimbo yake, na tunabeba moja. Zamu ya kwanza hupewa aliye mgeni mtoni. Januari iliyopita ilikuwa ya binti yangu, Mwalimu akiwa juu ya ukingo akimwelekeza kwa mkongojo: kushoto, mbele kidogo, chini ya mzizi.