Nauli ya Mbuzi Wawili

Garissa hakuna mlima. Ukitaka kujiandaa kuuzunguka Mlima Kenya kwa baiskeli huku unaishi kwenye tambarare hii, itabidi mlima wako uwe upepo. Miezi mitatu nilitoka kabla ya jua, mtungi wa lita 20 wa maji umefungwa kwenye keria, nikaelekea upande wa Modika nikipigwa usoni na vumbi. Saa mbili asubuhi nilikuwa nimerudi, maana baada ya hapo lami yenyewe inakutema.

Adui mwingine alikuwa mathenge. Mti huu uliletwa uzuie jangwa, ukaamua kuwa mwenye nchi. Kule Baringo wananchi waliwahi kumpeleka mahakamani mbuzi kibogoyo, kielelezo cha jinsi maganda yake matamu yalivyomaliza meno ya mifugo. Mimi ningepeleka tyubu zangu. Mwiba wake hupenya tairi kama sindano kwenye kitenge, na kuna wiki niliyoziba pancha tano.

Lakini kilichonifanya niandike ni nauli.

Siku ya safari nilifika kwenye basi alfajiri, baiskeli imeshapakiwa kila kitu kwa nyuma. Utingo akaizunguka mara moja, akasema: "Hii ni mbuzi wawili."

"Mbuzi vipi?"

"Mbuzi mmoja analipa nusu ya mtu. Hii inakula nafasi ya wawili."

Nikamwambia mbuzi anakojolea mizigo ya watu, baiskeli haikojoi. Akanijibu kwamba mbuzi anajikunja, baiskeli haijikunji. Hapo, nakiri, alinishinda, ila nilikuwa nimeshapandisha sauti na abiria walikuwa wameshaanza kufurahi. Sikutaka kushindwa mbele ya watu. Nikatoa spana nifungue pedeli, nimwonyeshe kwamba hujikunja. Akaninyang'anya, akaikaza ya kushoto kwa nguvu zake zote akidhani anaifungua. Pedeli ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungushwa kama mshale wa saa, kinyume cha parafujo za kawaida. Nilimweleza. Akaniangalia kama mwizi.

Pembeni alikaa mzee mmoja, kikoi kiunoni, mswaki wa mti mdomoni. Alikuwa akitutazama tangu mwanzo.

"Mwalimu," akasema (sijui nani alimwambia kazi yangu), "hii kitu inabeba wewe, ama wewe ndio unabeba?"

Watu wakacheka. Nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba itanibeba nikifika mlimani.

"Mlima?" Akainuka, akashika usukani, akaunyanyua kwa kidole kimoja. Gurudumu la mbele likapaa. "Umeweka mzigo yote kwa mkia. Ngamia unaweka huku na huku. Ukimwekea upande moja, hasimami. Hata umpige, hasimami."

"Hii si ngamia, mzee."

"Ndio. Ngamia angekuambia mapema."

Sikupenda. Kuna ushauri unaokuudhi kwa sababu umetolewa mbele ya watu na mtu ambaye hajawahi kukanyaga pedeli. Nikalipa mbuzi wawili, baiskeli ikapandishwa juu na pedeli zake zote mbili, nikakaa dirishani nimenuna. Kwenye daraja la Tana tulishuka wote, vitambulisho mkononi, kama kawaida ya safari hii. Baiskeli peke yake ndiyo haikuulizwa kitu. Mzee naye alikuwa kwenye foleni, mbele yangu. Hatukusemeshana hadi Thika, nilikoshuka.

Mlima wenyewe nilimaliza kuuzunguka kwa siku sita: Embu, Meru, Timau yenye baridi isiyo na adabu, Nanyuki, Karatina. Kilele cha mita 5,199 nilikiona mara mbili, kila mara kwa dakika chache.

Ila kati ya Chuka na Meru barabara hushuka kwenye mabonde ya mito inayotoka mlimani, kisha inakudai kila mita uliyoshuka. Ng'ambo ya daraja la Nithi, ambalo madereva wengi hulivuka kwa dua, nilisimama juu ya pedeli nipande. Gurudumu la mbele likainuka, usukani ukayumba, nikaenda moja kwa moja mtaroni. Lori likapita likipiga honi.

Nikakaa kwenye majani, nikafungua kamba zote. Chupa za maji, spana na sufuria nikazifunga mbele, huku na huku. Niliponyanyua usukani ili nipime, haukuinuka kwa kidole.

Tairi la nyuma lilikuwa limelegea. Nikapapasa mpira taratibu hadi kidole kikachomwa: mwiba wa mathenge, mweusi, umekatikia ndani, umetoka nami Garissa. Kijana aliyekuwa akichunga ng'ombe akaja kuutazama, akauliza ni wa mti gani. Nikamweleza. Akauliza kama ng'ombe wanaula.

"Wanakula maganda," nikasema. "Angalia meno yao lakini."