Sista Alikataa Kununua Karatasi

Wasee, leo tuongee kuhusu KNEC. Najua umechoka na stori za mitihani, lakini hii inanihusu.

2015 sista yangu alikuwa kidato cha nne. Mimi nilikuwa darasa la sita, hapa hapa Kalimoni. Usiku alisoma kwa meza ya jikoni, na stima ikipotea kazi yangu ilikuwa kumshikia tochi ya simu. Siku chache kabla ya karatasi ya hesabu, beste yake akamletea habari: kuna msee anauza mtihani kwa WhatsApp, watu wanachanga. Sista akasema hana pesa. Baadaye aliniambia ukweli. Pesa alikuwa nayo, hakutaka tu.

Akapata C plain. Kuingia chuo kikuu unahitaji C+.

Beste alipata B. Sijui kama karatasi aliyonunua ilikuwa ya ukweli ama feki. Na hapo ndipo panauma: hata kama ile B aliitolea jasho, leo akiitaja watu wanacheka.

Mwaka huo KNEC ilifuta matokeo ya KCSE ya watahiniwa 5,101. Machi 2016, Waziri wa Elimu Fred Matiang'i akavunja bodi yote ya KNEC, na Prof. George Magoha akaingia kama mwenyekiti. Kontena zikaletwa, kufuli mbili, funguo kwa watu wawili tofauti, na mwalimu mkuu anaenda kuchukua karatasi mwenyewe asubuhi. Matokeo yakatoka: A plain zilishuka kutoka zaidi ya 2,600 hadi 141. Nyumbani tulipiga makofi. Sista peke yake alinyamaza, halafu akauliza, "Sasa mbona hawakufanya hivi mwaka jana?"

Nimekua, na nimeanza kuona kitu kingine. Bodi nzima ilienda nyumbani kwa neno la waziri. Tulifurahi kwa sababu alikuwa anafagia uchafu. Lakini fagio hilo hilo linaweza kufagia bodi safi, siku itakapotoa matokeo yasiyompendeza mkubwa fulani.

KNEC iko tangu 1980, baada ya ile Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza kuvunjika, na ina sheria yake ya 2012. Lakini mwenyekiti anateuliwa na Rais, na siku ya matokeo anayesimama mbele ya kamera ni Waziri. Linganisha na IEBC. Kamishna wa IEBC hafutwi na waziri. Kifungu cha 251 cha Katiba kinataka ombi lipelekwe Bunge la Kitaifa, halafu jopo lichunguze. Kama kura yangu inalindwa hivyo, mbona gredi yangu isilindwe?

Najua utaniambia IEBC yenyewe imetutoa machozi. Ni kweli, sheria peke yake haimfanyi mtu kuwa mwaminifu. Mnunuzi wa karatasi atabaki mnunuzi. Lakini bodi isiyoogopa kufutwa inaweza kusema "mtihani umevuja" mapema, hata kama jambo hilo litamuaibisha aliyewateua. Hiyo ndiyo ingemsaidia sista, siyo makofi yetu ya mwaka uliofuata.

Siku hizi ana duka dogo la nguo karibu na steji ya Juja. Juzi nilimuuliza kama anajuta kutonunua. Akaendelea kukunja suruali, akasema, "Hapana. Ninachotaka kujua ni kama ile C ilikuwa yangu, ama nilisukumwa chini na walionunua."

Sikuwa na jibu. Hakuna mwenye jibu, na hajawahi kuombwa pole na mtu.

Ana mtoto anayesoma shule ya msingi. Huyo naye atakaa mtihani siku moja. Mimi siombi apate A. Naomba akipata D, tuamini ni D.