Kutoka Colito hadi Lugalo

Marehemu baba alikuwa askari wa batalioni ya pili ya Tanganyika Rifles, pale Tabora. Kambi yao iliitwa Kalewa, jina la mji wa Burma. Wenzao wa Dar es Salaam walikaa kambi ya Colito, jina la mahali palipopiganwa vita huko Ethiopia mwaka 1941. Uhuru ulikwisha kupatikana, bendera ya Mwingereza imeshushwa Desemba 1961, lakini kila alfajiri Mtanganyika aliingia kazini akipita chini ya kumbukumbu za vita vya King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza. Baba hakuliona hilo kuwa jambo la ajabu. Ndivyo jeshi lilivyokuwa, na yeye alilipenda.

Watu wanapoyataja maasi ya jeshi hilo ya Januari 20, 1964, huishia kwenye mshahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kizungu. Ni kweli askari walidai hayo. Kamanda wao, Brigedia Patrick Sholto Douglas, alikuwa Mwingereza, na Mwafrika mwenye nyota begani alikuwa wa kuhesabu. Lakini nilivyomsikia baba akisimulia jioni, akiwa na kiko chake, niliona jambo la chini zaidi. Jeshi lile lilijengwa likae mbali na raia. Askari alitii afande wake, afande akamtii mkubwa wake, na mkubwa wa mwisho alikuwa Uingereza. Serikali mpya haikuwa na nafasi katika mnyororo huo. “Sisi tulibadilishiwa beji tu,” alikuwa akisema, na hakusema kwa kulalamika.

Wiki hiyo hiyo moto uliruka mipaka: Jinja kule Uganda, Lanet kule Kenya. Majeshi yote matatu yalikuwa watoto wa mama mmoja, KAR, na serikali zote tatu ziliita askari wa Kiingereza kuzima fujo. Kwetu walishuka kutoka meli ya HMS Centaur Januari 25. Baada ya hapo kila mmoja akashika njia yake. Kenya ilivunja batalioni iliyoasi, ikawashtaki wahusika, ikaendelea na mfumo ule ule. Uganda iliwaongezea askari mishahara na kuwabakiza, akiwemo ofisa mmoja aliyelelewa na KAR aitwaye Idi Amin. Rais wetu, Nyerere, alilivunja jeshi zima. Baba alirudishwa nyumbani na hati yake ya kuachishwa, na hakuwahi kuivalia tena sare serikali yoyote.

Jeshi jipya lilizaliwa Septemba 1, 1964, chini ya Mrisho Sarakikya, na makuruta wake wengi walitoka Umoja wa Vijana wa chama tawala, TANU. Colito ikaitwa Lugalo, jina la mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa waliwavunja Wajerumani mwaka 1891. Baba alikuwa akicheka anaposikia askari sasa wana kadi za chama. Kwake yeye askari na siasa hawakai chumba kimoja.

Mimi niliingia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) mwaka 1980 kwa mujibu wa sheria, baada ya kumaliza kidato cha sita. Wakufunzi wetu walikuwa ndio kwanza wamerudi kutoka vitani Uganda, baadhi bado wanachechemea. Asubuhi mchakamchaka na kwata, kukipambazuka vizuri tunashika majembe. Niliyemtazama sana ni afande wetu wa kombania. Alikuwa mkali kiasi kwamba jina lake lilitosha kunyoosha mstari, lakini shambani alichukua tuta lake kama sisi na hakuondoka kabla halijaisha. Baba asingeweza kumfikiria ofisa wa Kalewa akiwa na tope magotini. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kilichofanyika 1964. Makamisaa wa siasa walitupa mihadhara mirefu juu ya ujamaa na ukombozi wa kusini mwa Afrika, na wengi tulisinzia. Lile tuta la afande halikumsinzisha mtu.

Nikabaki jeshini, nikapita chuo cha maofisa cha Monduli, nikavaa nyota. Nilipopelekwa kambi ya mbali nilikuta kila kitu kina sura mbili: kamanda na kamisaa, paredi na mkutano wa tawi la chama. Majeshi yalihesabiwa kama mkoa katika mpangilio wa chama. Ilikuwa na faida yake. Vita vya Kagera dhidi ya Uganda ya Amin vilipoanza mwishoni mwa 1978, mgambo na vijana wa JKT waliingia safu moja na wanajeshi, na wanavijiji waliwalisha, kwa sababu hakuna aliyekuwa na mazoea ya kumkimbia askari. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979, na jeshi lililokimbia mbele yao lilikuwa lile ambalo mwaka 1964 lilitulizwa kwa fedha.

Hata hivyo baba hakuwa mjinga. Nilipokuja likizo aliniuliza swali moja ambalo kamisaa hakuwahi kunijibu: chama kikigawanyika, ninyi mtamfuata nani? Januari 1983 ilibainika kwamba wanajeshi kadhaa walikuwa wakipanga kuipindua serikali. Mihadhara yote ile haikuwazuia. Ofisa aliyejua kupiga makofi vizuri mkutanoni alipanda kwa urahisi kuliko aliyejua ramani, na sote tulijua hivyo tukakaa kimya.

Mwaka 1992 vyama vingi viliporudi, tuliambiwa tuchague: kadi au sare. Jakaya Kikwete, aliyekuwa Luteni Kanali na aliyewahi kuwa kamisaa pale Monduli, alivua sare akaendelea na siasa. Sisi wengine tulirudisha kadi. Katiba sasa inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote, ila kura anapiga. Tawi letu lilifungwa bila hotuba. Ile ofisi ikageuzwa stoo ya vifaa vya michezo, na kamisaa akapangiwa kazi nyingine. Nilitegemea kambi itabadilika usiku mmoja. Kwa miezi kadhaa sikuona tofauti, isipokuwa mikutano ilipungua na vijana wakapata muda wa kulala.

Kilichobadilika kilikuja polepole. Mafunzo ya JKT kwa lazima yalisitishwa 1994, yakarudi 2013 kwa muda mfupi kuliko wetu, na katikati hapo kizazi kizima cha wasomi kilikua bila kushika jembe pamoja na askari. Maofisa wa leo wana shahada, wamekwenda kulinda amani Kongo na Darfur, na wanajua mambo ambayo mimi sikuyaota. Wakati huo huo wanajeshi bado wanateuliwa wakuu wa wilaya na wa mikoa, wanakaa meza moja na makatibu wa chama tawala, na hakuna anayeona ajabu. Baba angeona. Mjukuu wake, aliyepita Monduli, haoni. Tulibishana juu ya hilo Idi iliyopita, na bado tunabishana.