Sekunde Nne za Baba

Hapa Isaka naishi kwa kuhariri video za harusi. Zangu nafanya usiku. Za marehemu baba, kuli wa bandari kavu, nina sekunde nne tu: anavuka reli, nyuma yake malori ya kwenda Rwanda. Picha 25 kwa sekunde. Zote 100, basi.

Nilipozivuta ziende polepole, kompyuta ikabuni picha za katikati. Uso wa baba ukayeyuka, we acha tu! Nikafuta. Nikazipanga zile 100 moja moja, nikairudiarudia hatua yake mpaka ikaenda na mlio wa mabehewa.

Mama alipoiona akauliza, "Mwanangu, mbona baba yako hafiki ng'ambo?"

Nimekwama hapo. Nikimvusha, video inakwisha.